Sindano Zinachomwa, Testosteroni Haishuki

Mzee wa saratani ya tezi dume akichomwa goserelini (dawa ya kushusha testosteroni, homoni ya kiume) miligramu 3.6 kila siku 28, testosteroni inatakiwa iwe chini ya nanogramu 50 kwa desilita ndani ya wiki tatu hadi nne. Maabara nyingine huandika nanomoli 1.7 kwa lita, ni kiwango kilekile. Someni kizio kabla ya kushtuka. Siku za mwanzo hupanda kidogo, na hilo ni la kawaida.

Mwezi ukipita bado iko juu, msikubali haraka kwamba saratani imekuwa sugu. Usugu ni PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) kupanda huku testosteroni imeshuka kweli. Kwa hiyo kila mnapopima PSA, ombeni na testosteroni.

Anzeni na mambo mepesi. Sindano ilichelewa? Kipande cha dawa kilibaki chini ya ngozi ya tumbo, au kilidondoka? Mzee anatumia dawa ya nguvu au ya misuli yenye testosteroni? Muulizeni faraghani, maana mbele ya watoto hatasema. Kisha rudieni kipimo pamoja na LH, homoni ya ubongo inayoziamuru korodani kutengeneza testosteroni. LH ikiwa juu, sindano haijafanya kazi. LH ikiwa imezama na testosteroni imegoma kushuka, kuna chanzo kisichongoja amri ya ubongo. Mara chache sana chanzo hicho ni uvimbe wa seli za Leydig, zinazotengeneza testosteroni kwenye korodani, au wa adrenali, tezi iliyokaa juu ya figo.

Uvimbe wa Leydig huweza kuwa mdogo usishikike kwa vidole, hivyo piga ultrasaundi ya korodani zote mbili. Matiti kuvimba hakuthibitishi kitu, kwani sindano zenyewe huyavimbisha. DHEA-S (homoni ya adrenali) ikiwa juu, chunguzeni adrenali kwa CT skani. Aliyekwisha kutolewa korodani zote naye achunguzwe huko.

Adrenali isiguswe kwa sindano wala kisu kabla ya kupima metanefrini (mabaki ya homoni za adrenali zinazopandisha presha): uvimbe wa aina nyingine pale ukichokozwa hupandisha presha hadi kuua. Pimeni na kotisoli, homoni nyingine ya adrenali. Ikiwa uvimbe unaitoa, adrenali ya pili imelala, na mgonjwa asiyepewa haidrokotisoni (dawa inayoshika nafasi ya kotisoli) baada ya upasuaji presha yake huanguka.

Korodani yenye uvimbe hutolewa kupitia kinena, si kwa kupasua pumbu kama inavyozoeleka kwa wagonjwa wa tezi dume. Mwambieni daktari wa upasuaji mapema, na hakikisheni nyama iliyotolewa inafika maabara ya patholojia, kwa kuwa takriban uvimbe mmoja kati ya kumi wa Leydig kwa watu wazima ni saratani.