Pikipiki inayozimika ikipata moto

Swali: Nina Honda kuukuu ambayo bado ina platini, yaani vile vipande viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche. Asubuhi inawaka kwa teke la kwanza, lakini nikitoka Likoni kuelekea Ukunda, nikifika Waa inaanza kukatakata, kisha inazimika. Ikipoa nusu saa inawaka tena bila matata. Nimekwisha kubadilisha plagi mara tatu. Nifanyeje? – Msomaji, Likoni

Jibu: Plagi ya nne usiinunue. Hitilafu inayokuja na joto na kuondoka na ubaridi mara nyingi imo katika kondensa (kile kifaa kidogo kinachozuia platini zisirukiwe na cheche) au koili (inayoongeza nguvu ya umeme unaokwenda kwenye plagi), kwa kuwa vihami vilivyo ndani ya vifaa hivyo vikizeeka huzuia umeme vikiwa baridi na kuuvujisha vikipata moto. Ndiyo maana fundi anayeipima asubuhi, baada ya kulala gereji usiku kucha, huiona nzima na kukurudishia.

Kwa hiyo ipime palepale inapozimika. Kwanza fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikifyonzwa ndani, na pikipiki ikawaka muda mfupi baadaye, basi tundu la kupumulia limeziba na umeme hauna kosa. Kama sivyo, funga tangi, fungua plagi, irudishe katika kofia yake na uilaze ili chuma chake kiguse kichwa cha injini, mbali na tundu ulimoitoa, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka humo hushika moto. Piga kiki bila kuigusa plagi. Cheche nzuri ni ya buluu na hualika; ya manjano na nyembamba ni dhaifu.

Ikiwa ni dhaifu, tazama platini. Cheche kubwa inayoruka kila zinapoachana, pamoja na nyuso zilizoungua, upande mmoja umeota kichuguu na wa pili umechimbika, huelekeza kidole kwa kondensa, nayo ni rahisi kuliko koili, kwa hiyo ianze hiyo. Unapoibadilisha, lainisha platini kwa msasa laini, zifute, kisha rekebisha nafasi yake. Kwa nyingi za Honda hizo ni milimita 0.3 hadi 0.4 zikiwa zimeachana kabisa. Baada ya hapo hakiki wakati wa cheche, maana ukigusa nafasi, nao husogea.

Cheche isipoonekana kabisa, shuku swichi. Pikipiki ambayo cheche yake hutoka katika magneto, yaani sumaku inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme, huzimwa kwa kuupeleka umeme huo kwenye chuma cha fremu, hivyo waya wa swichi uliochubuka shingoni mwa usukani huizima bila wewe kugusa ufunguo. Chomoa waya huo, ambao kwa Honda kwa kawaida ni mweusi wenye mstari mweupe, ujaribu tena. Ikiwaka, itabidi uizime kwa gia na breki, ila mkosaji umempata. Jaribio hili halifai kwa pikipiki ambayo cheche yake hutegemea betri, kwa kuwa hapo swichi ndiyo inayopeleka umeme.

Kabla ya kuilaumu koili, fungua skrubu inayoishikilia na ile ya waya wa kijani wa ardhi. Kwa hewa ya chumvi ya Pwani nimezikuta mara nyingi zimevaa kutu ya kijani chini ya rangi. Zikwangue mpaka chuma king'ae, zikaze, kisha zipake grisi kwa juu.