Nyumba ya babu Tabora: kabla ya tingatinga, anza na mlango

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuizuia nyumba ya babu isibomolewe, maana wenzako wanataka kumuuzia mwekezaji ajenge fremu za maduka.

Umesema mlango wake umenakshiwa. Hapo ndipo penye nguvu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1940, hata kama nyumba yenyewe haijatangazwa urithi. Usiruhusu mtu aung'oe. Madalali wa milango huwahi kufika kuliko tingatinga. Upige picha leo, pamoja na dari na kuta, kisha andikia Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, nakala kwa manispaa. Jengo lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa moja kwa moja. La baada ya hapo, Waziri anaweza kulitangaza, ila hilo huchukua muda.

Kwa hiyo kaa na ndugu zako mapema. Kama mirathi haijafungwa, msimamizi asisaini chochote. Waambie vyumba vya mbele vinaweza kuwa maduka bila kubomoa, na kodi ikaingia. Mkikarabati kuta za udongo, tumieni udongo na chokaa. Saruji huzuia unyevu kutoka, na ukuta huoza ndani kwa ndani.

Wapeleke pia Kwihara, hapo karibu na Tabora, wakaone tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, alimoishi mpelelezi Mwingereza David Livingstone. Ni udongo huohuo, na watu hulipa kiingilio kuutazama.