Maua ya Msituni Tabora: Twende Mwezi Gani?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Urambo. Katika somo la Kiingereza tulisoma habari za watu wa Uingereza ambao mwezi wa Aprili na Mei hutoka kwa miguu kwenda kutazama maua ya buluu, yenye umbo la kengele, yaliyotandaa chini ya miti. Wanafunzi walinitaka niwapeleke kuona ya kwetu, nami nikawapeleka mwezi huohuo wa Aprili. Tulikuta nyasi zinazotufika kifuani na maua ya kuhesabika. Je, misitu yetu haina maua, au nilikosea majira? — Mwalimu, Urambo.

JIBU: Ulikosea majira, Mwalimu, wala si jambo la kuona haya, kwa kuwa uliifuata kalenda ya nchi nyingine. Kule miti mingi hupukutisha majani wakati wa baridi, na jua linapoanza kupata joto, mmea uliokuwa umejihifadhi katika tunguu lake ardhini huwahi kuchanua kabla majani mapya hayajafunga mwanga juu yake. Wenyewe huyathamini maua hayo kiasi kwamba sheria yao ya mwaka 1981 ya kulinda viumbe wa porini sasa inakataza kuyachimba porini ili kuyauza.

Huku kwetu kinachoamua ni maji. Mvua za Tabora huanza takriban mwezi wa Novemba na kukoma Aprili, kwa hiyo mlifika wakati sherehe imekwisha na nyasi zimefunika kila kitu. Msitu wa miyombo, yaani aina ya msitu wetu huu, una misimu miwili ya kutazamwa, mmoja kwa kuinua kichwa na mwingine kwa kukiinamisha.

Msimu wa kwanza ni Septemba na Oktoba, katika joto kali, kabla ya tone la kwanza la mvua. Miti huchipua ikitegemea maji iliyoyaweka akiba na yale ambayo mizizi yake huyafikia chini sana, na majani machanga hutoka mekundu, mengine ya rangi ya shaba, hata mgeni akitazama kutoka mbali hudhani kwamba msitu mzima umechanua. Wakati huo tafuta mninga. Mara nyingi huchanua ukiwa bado hauna majani, kwa vishada vya maua ya manjano yenye kingo zilizokunjamana kama karatasi iliyofinywa, na nyuki huvuma humo tangu asubuhi. Waonyeshe wanafunzi kwamba juu ya tawi hilohilo huenda likawapo tunda kavu la mwaka uliopita, la duara, lenye miba katikati na ukingo mwembamba kuizunguka, mfano wa yai la kukaanga. Maua ya mninga hayakawii kuanguka, kwa hiyo usingoje wikiendi ya pili.

Msimu wa pili huanza baada ya mvua za kwanza, Novemba na Desemba, nami naupenda zaidi. Nenda mahali palipopitiwa na moto wakati wa kiangazi, ingawa kwa macho panaonekana pamekufa. Mimea mingi ya miyombo huficha uhai wake ardhini, katika matunguu na mashina yasiyofikiwa na moto, na nyasi zikiwa zimeungua hupata nafasi ya kuchomoza. Utaona shina moja nene limetoboa majivu, likiwa na tufe jekundu juu yake. Ukilisogelea utagundua kwamba tufe hilo ni maua madogo mengi yaliyopangwa pamoja, kila moja na nyuzi zake. Usitarajie zulia kama la Uingereza, maana huku maua hukaa moja hapa, jingine hatua ishirini mbele, na raha yake ni ya mtafutaji.

Baadaye kidogo hutokea ua linalopanda vichakani kwa kujishika na ncha za majani yake, lenye petali nyekundu na njano zilizopinda kuelekea nyuma kama ndimi za moto. Hilo watoto walitazame tu. Mmea wake wote una sumu, hasa kiazi chake, ambacho mtoto mwenye njaa anaweza kukidhania kuwa chakula.

Kuhusu mahali, misitu iliyo karibu na vijiji vya Urambo imekatwa sana kwa ajili ya kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, kwa hiyo itawabidi kutembea mbali kidogo. Ikiwa ni hifadhi ya msitu, ombeni ruhusa kwa Wakala wa Huduma za Misitu; ikiwa ni msitu wa kijiji, semeni na serikali ya kijiji, kisha mpate mrina asali wa kuwaongoza, kwani yeye hujua mti upi umechanua wiki hii na mizinga ipi haifai kukaribiwa. Wanafunzi wavae viatu na nguo za rangi hafifu. Sare yenye buluu iliyokolea muiache nyumbani, kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, nao ndio waenezao ugonjwa wa malale. Na mkichagua Novemba, ondokeni alfajiri, maana mvua za huku hupenda kuwakuta watu njiani alasiri.