Je, shorobo huchujuka kwa mvua?

SWALI: Huku kwetu msitu wa Nyandarua kuna ndege wa kijani ambaye akiruka mabawa huwaka mekundu, akitua wekundu wote hupotea. Wengine wanasema akinyeshewa huchujuka. Ni kweli? Na mbona nikiifuata sauti yake simpati?
Msomaji, Nyeri

JIBU: Huyo ni shorobo wa Hartlaub. Mtambue kwa kishungi cha bluu iliyokolea, baka jeupe mbele ya jicho na mstari mweupe chini yake. Yuko pia Mlima Kenya, Kilimanjaro, Pare na Usambara. Wekundu uko kwenye manyoya ya kurukia. Akikunja bawa, manyoya mengine huufunika.

Mvua haimchujui. Rangi hiyo ni turasini, na ina shaba, asilimia 6 hivi ya uzito wake. Mkemia Mwingereza Arthur Church aliichunguza mwaka 1869. Kinachoiyeyusha ni maji yenye magadi au sabuni: unyoya ukilowekwa humo, maji hugeuka mekundu. Hapo ndipo uvumi wa kuchujuka unapopata nguvu. Flamingo hupata wekundu wake kutokana na rangi zilizo ndani ya chakula, lakini shorobo hula matunda na kuitengeneza rangi mwenyewe mwilini. Hata kijani chake si cha kawaida. Kijani cha kasuku ni njano iliyokutana na bluu inayoletwa na umbile la unyoya, ila cha shorobo ni rangi halisi ya kijani.

Kuhusu sauti, kosa ni kuifuata. Mmoja akikoroma wenzake hujibu kutoka pande nyingine, nawe unabaki kuzunguka. Tafuta mti ulioiva matunda, mkuyu kwa mfano, ufike alfajiri, ukae mita 20 au 30 kutoka shinani, jua likiwa mgongoni. Ukikaa chini yake kabisa utaona majani na shingo itakuuma. Usitafute rangi, kijani chake na cha majani ni kitu kimoja. Tafuta tawi linalotikisika: shorobo hukimbia juu ya matawi kama kindi, kwa kuwa kidole chake cha nje hugeuka mbele au nyuma. Si mrukaji hodari. Hupiga mabawa mara chache, kisha huteleza hewani hadi mti wa pili, na hapo ndipo wekundu unapoonekana. Darubini iwe tayari machoni kabla hajaruka.