Muulize Shangazi: Wametukatalia picha, bado tuwape?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama wauza dagaa hapa Musoma. Tumekubaliana kusaidia shirika la hapa mjini linalopokea wanawake na watoto waliobakwa, waliopigwa au waliokimbia kukeketwa. Tuna viroba viwili vya nguo na shilingi 600,000. Mwenyekiti anataka twende Machi 8 na fulana na bango, tupige picha na wasichana ili wanachama waone hela yao ilikokwenda. Shirika limejibu kwamba picha haziruhusiwi na kwenye nyumba salama wanakowahifadhi hatufiki, tupeleke ofisini. Baadhi yetu wameanza kuwatilia shaka. Tuwape, au tutafute msichana mmoja tumsomeshe wenyewe?*
*Katibu, Musoma*

Marahaba, mwanangu. Hao waliowakatalia picha ndio wa kuwapa. Wangesema "karibuni na kamera zenu", hapo ningeshtuka.

Msichana aliye nyumba salama mara nyingi anatafutwa na watu wa kwao: baba aliyekwisha kuahidiwa ng'ombe, mjomba mwenye kesi. Kumtambua si lazima uso uonekane. Sare ya shule inatosha, geti linatosha, na picha za vikoba tunajua zinavyotembea kwenye magrupu ya WhatsApp. Mkitaka uthibitisho, chukueni risiti yenye mhuri, mjipige picha wenyewe mkikabidhi ofisini. Kabla ya hapo mwoneni Ofisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, awaambie kama shirika limesajiliwa na linaleta taarifa zake. Hela iingie akaunti yenye jina la shirika. Namba ya simu ya mtu hapana, hata awe mkurugenzi.

Sasa hivyo viroba. Nilifanya kazi ustawi wa jamii miaka mingi kabla ya kupewa safu hii, na viroba vya aina hiyo nimevifungua: magauni ya sendofu, suruali zisizo na zipu. Chambueni. Halafu niwaambie kitu ambacho wengi hawakijui. Aliyebakwa akifika hospitali, nguo alizovaa huchukuliwa kama kielelezo. Huwekwa kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki hutunza unyevu na ushahidi ukaoza. Yeye anaondoka amevaa nini? Nimeona binti akivuka uwanja wa hospitali kajifunga shuka la wodi, watu kwenye foleni wanageuka kumtazama. Kwa hiyo nunueni kanga, madera, ndala na chupi mpya za saizi mbalimbali, na taulo za kike. Chupi ya mtumba msimpe mtu aliyetoka kwenye jambo lile, tafadhalini.

Hela iliyobaki mtaiona haina sifa, maana itakwenda kwenye nauli. Mama wa kijijini anapanda bodaboda, kisha basi, anafika mahakamani anaambiwa kesi imeahirishwa. Mwezi ujao tena. Mara ya tatu hana nauli, shahidi hayupo, na mtuhumiwa anarudi zake nyumbani akipiga mluzi. Wafadhili wakubwa wanapenda kulipia semina. Nauli na sahani ya wali ya shahidi hakuna anayegombea kuandikwa jina. Waambieni shirika: tumieni panapobana, mtuletee hesabu.

Na kwa nini Machi 8? Siku hiyo kila mtu anawakumbuka wanawake. Kwetu Mara msimu wa ukeketaji ni Desemba, shule zikifungwa. Tangu 1998 sheria imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini ngariba hasomi gazeti la serikali. Ulizeni Mugumu au Masanga, huku huku Mara: mwezi huo ndipo nyumba salama hufurika, na wasichana wote hao wanakula. Nyinyi mnauza dagaa! Kuanzia Novemba pelekeni sado kadhaa kila wiki, kwa bei ya jumla au bure. Hakuna mfadhili wa Ulaya atakayewapita kwa hilo.

Kumsomesha msichana mmoja ni wazo jema, ila lipitie shirika na ustawi wa jamii, na yeye asijue jina la mlipaji. Akijua atajiona anadaiwa, na siku mtakapokutana mmoja wenu atamuuliza, "Ilikuwaje, mwanangu?" Msimuulize.

Jiandaeni na jambo moja zaidi. Sokoni wakishajua mnasaidia, kuna atakayewafuata jioni akilia. Mwambieni asioge wala asifue, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Kama ni mtoto, pigeni 116, ni bure.

Fulana mmekwisha kuzilipia? Kama bado, mwambie mwenyekiti hiyo ni nauli ya mashahidi.