Maswali ya Hisabati: Kitabu kinasema 0, kikokotoo kinasema 24

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tumeulizwa kama −2 ni sifuri (yaani thamani ya x inayotoa jibu 0) ya polinomia 2x³ − 3x² − 11x + 6. Kitabu kinasema ndiyo. Nikiingiza kwenye kikokotoo napata 24, na nikirudia ni 24 ileile. Nani kakosea?
Kidato cha Tano, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kitabu kiko sahihi, na hiyo 24 inafichua ulichobonyeza: −2² bila mabano. Kikokotoo hushughulikia kipeo kwanza, alama ya kutoa baadaye, kikapata −4 badala ya 4. Hivyo −3x² ikawa +12 badala ya −12, na pengo lake ni 24 kamili. Kwenye −2³ ulinusurika tu kwa kuwa 3 ni witiri: uweke mabano usiweke, ni −8. Namba hasi ifunge mabano kila mara:

2(−2)³ − 3(−2)² − 11(−2) + 6 = −16 − 12 + 22 + 6 = 0

Ipo njia isiyogusa vipeo kabisa, nasi ndiyo tunayoipenda. Panga vizigeu, yaani namba zinazozidisha x pamoja na ile ya mwisho isiyo na x: 2, −3, −11, 6. Shusha 2. Izidishe kwa −2, ujumlishe na −3: −7. Hiyo nayo kwa −2 ni 14, jumlisha na −11: 3. Tena kwa −2 ni −6, jumlisha na 6: 0. Namba ya mwisho ndiyo thamani ya polinomia kwa −2, na ndiyo baki ukigawanya kwa x + 2 (si x − 2, hapo wengi hupotea). Zilizotangulia, 2, −7, 3, ni nyongeza ya bure: zinakupa 2x² − 7x + 3, yaani (2x − 1)(x − 3). Basi sifuri nyingine ni ½ na 3.

Kipeo kikirukwa, weka 0 mahali pake. Kwa x⁴ − 5x² + 4 andika 1, 0, −5, 0, 4. Ukiandika 1, −5, 4 umepima x² − 5x + 4, na utaikataa 2 ilhali ni sifuri halali ya ile ya kwanza.

SWALI: Kwa x² − 2 nimeweka 1.414, nikapata −0.000604. Si tuiite sifuri tu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Sifuri zake ni √2 na −√2, 1.414 ni jirani tu. Kinyume chake pia hutokea: 0.333 katika 3x − 1 inatoa −0.001, ilhali ⅓ ni sifuri kweli. Ukipewa sehemu, kokotoa kwa sehemu.