Kabla Hujameza Kidonge cha Kipara

"Kaka, kile kidonge cha nywele kinaitwaje?" Vijana huniuliza kwa sauti ya chini, utadhani tunapanga wizi. Kinaitwa finasteridi, miligramu 1 kwa siku, na mimi nakimeza kwa miaka sasa. Ila jina peke yake halikusaidii kitu. Kazi yake kubwa ni kulinda nywele ulizo nazo. Ukingoja mpaka utosi ung'ae kama sinia ndipo ukimbilie famasia, umeshachelewa.

Kiini chake ni homoni. Mwili hugeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi iitwayo DHT, na kwa sisi tuliorithi kipara, mashina ya nywele za utosini na za kwenye paji hayaivumilii. Kila zikiota upya zinaota nyembamba zaidi, mwisho hazionekani. Za kisogoni na za pembeni huwa salama, ndiyo maana mzee mwenye kipara bado anamhitaji kinyozi. Finasteridi huzuia kimeng'enya kinachofanya ugeuzaji huo. Siri hii ilianza kufunuka miaka ya 1970, watafiti walipochunguza familia za Jamhuri ya Dominika ambamo baadhi ya wanaume walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho: tezi dume zao zilikuwa ndogo, na vipara hawakuwa navyo. Basi dawa ikatangulia kuwa ya tezi dume, miligramu 5, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992. Ya nywele ilifuata mwaka 1997.

Hapo ndipo ujanja wa mtaani unapoingia. Famasia nilizozungukia hapa Dar zilikuwa zaidi na ile ya wazee ya miligramu 5, kwa hiyo watu hukata kidonge vipande vinne. Hesabu inakaribiana, na wapo madaktari wanaokubali. Lakini kama nyumbani kuna mjamzito, au anayeweza kushika mimba, asiguse vipande hivyo wala unga wake, kwa sababu dawa hii inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni. Kidonge kizima kina ganda la kumkinga anayekishika. Ukishakikata, kinga hiyo haipo.

Haya, sasa lile ambalo mnaona haya kuuliza. Katika majaribio ya mwanzo, wanaume karibu 4 katika kila 100 walilalamikia hamu ya tendo, kusimamisha au kumwaga. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa 2. Wengi hurudi sawa wakiacha. Wapo pia wanaosema tatizo liliendelea hata baada ya kuacha, na mimi siwaiti waongo. Kwangu halikutokea, lakini mwili wangu si mwili wako. Linalonitisha zaidi ni sonona na mawazo ya kujiua: mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha kwamba mawazo hayo ni miongoni mwa madhara yake. Kama umewahi kuugua sonona, anza kwa kumwambia daktari hilo. Mimi nilimwambia na mke wangu kabla ya kidonge cha kwanza, maana nikianza kununa ovyo yeye ndiye atakayegundua mapema.

Daktari anahitajika pia kwa sababu si kila kunyonyoka ni kipara cha kurithi. Viraka vya mviringo vinavyozuka ghafla, au vile vipele sugu vya kisogoni vinavyoacha makovu, vina matibabu yao mengine. Kama mkoani kwenu hakuna daktari bingwa wa ngozi, ulizia tabibu wa ngozi. Hospitali ya KCMC pale Moshi imewafunza wengi.

Kuhusu subira: miezi mitatu ya kwanza usitegemee kuona kitu, na usitoe hukumu kabla ya mwaka. Piga picha ya utosi kila mwezi, sehemu ileile, mwanga uleule, kwa sababu kioo cha bafuni kinadanganya. Na ukiacha dawa, ndani ya mwaka hivi nywele ulizookoa zinaondoka. Kwa hiyo usiulize bei ya boksi moja, piga hesabu ya miaka kumi. Ikikushinda, nyoa upara, wapo wanaopendeza nao kuliko sisi tunaohangaika.

Minoksidili ya kumeza, dawa nyingine ya nywele, nayo inavuma. Hiyo asili yake ni dawa ya shinikizo la damu. Madaktari huitoa kwa dozi ndogo, na inaweza kuvimbisha miguu au kuufanya moyo uende mbio. Usiinunue kwa kusikia tu.

Mwisho, kwa wenzangu wa miaka 40 kwenda juu: finasteridi hushusha kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, kwa karibu nusu. Jibu linaweza kuonekana zuri wakati saratani ipo. Ukienda kupima, taja kidonge hiki kabla hawajachukua damu, hata kama hujaulizwa.